UZI: Elimu ya afya ya akili sekondari, na daftari la matroni lililoninyima usingizi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ausome kwa awamu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali huku Kanda ya Ziwa, shule ya kutwa yenye bweni la wasichana. Nafundisha Bailojia, na huu ni mwaka wa sita nashika pia malezi na ushauri nasaha. Mafunzo niliyopewa kwa kazi hiyo ya pili yalikuwa ya siku mbili.

Nimeona kila kona watu wanasema elimu ya afya ya akili ipelekwe mashuleni. Naunga mkono kwa moyo wangu wote. Ila nimeshuhudia inavyopelekwa, na hapo ndipo nataka tujadili, maana kwa namna inavyopelekwa mtoto anaweza kufunguka au akajifunga moja kwa moja.

Nianze na daftari.

Bweni letu lina matroni, mama wa makamo, siyo nesi. Ana kaunta buku aliyoipiga mistari kwa rula, safu tano: tarehe, jina, kidato, tatizo, dawa. Mwaka juzi mwezi wa tano nilimwomba daftari hilo nitafute jina la binti mmoja aliyekuwa anakosa vipindi. Nikaanza kupekua, nikashindwa kuliweka chini. Kichwa, panadol. Tumbo, panadol. Kichwa. Kifua kinabana. Tumbo. Kichwa, kichwa, kichwa. Nikachukua kalamu nikahesabu majina. Bwenini walikuwa 118, lakini karibu nusu ya mistari yote ya muhula ule ilikuwa ya mabinti 14 tu.

Nikapanga kwa siku. Jumatatu zilikuwa zimejaa kuliko siku nyingine, na siyo kila Jumatatu, bali ile inayofuata Jumapili ya wageni. Kwetu wazazi wanaruhusiwa kuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikamwuliza matroni imekuwaje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. Akasema, "Hao ni wale wasiojiwa, mwalimu."

Miaka yote alikuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kama umesoma bweni unaijua siku ile. Kanga zimetandikwa chini ya miembe, hotipoti za wali na kuku, wadogo zao wanakimbizana na chupa za soda. Jumapili iliyofuata nilikwenda kukaa pale kwa makusudi, nikaangalia upande wa nyuma wa bweni. Mabinti wasio na mgeni walikuwa wanafua. Sketi zile zile nilizoziona kwenye kamba Jumamosi jioni, kavu, wamezitia maji tena.

Niliongea nao mmoja mmoja, ikachukua wiki tatu. Mmoja wao mama yake yuko Oman anafanya kazi za ndani, mwaka wa tatu huo, na bibi anayemlea hawezi safari ya basi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.) Aliniambia kichwa kinaanza pale geti linapofunguliwa asubuhi. Hasemi uongo, kichwa kinamuuma kwelikweli. Na ukimwuliza "una msongo wa mawazo?" anakujibu hapana, kwa sababu neno hilo kwake ni la watu wazima wenye madeni.

Sasa sikilizeni kuhusu semina.

Mwaka huo huo tulipata wageni wa kutoa elimu ya afya ya akili. Siwataji, na nia yao ilikuwa njema. Wanafunzi wote tukawajaza ukumbini, saa mbili. Walifundishwa maana ya sonona (ile huzuni nzito isiyoisha, ambayo ni ugonjwa), dalili zake, na mwisho wakaambiwa: ukiona dalili hizi, muone mwalimu wa malezi. Wakaondoka.

Kesho yake wakaja watatu. Meza yangu iko ofisi ya walimu, tunakaa 11 humo. Binti wa kidato cha tatu akasimama mbele yangu, kabla hajafungua mdomo mwenzangu mmoja akapaza sauti kutoka dirishani, "Na wewe una sonona?" Walimu wakacheka. Yule binti akasema amekuja kuuliza kazi ya Bailojia. Nikampa. Akaenda. Hao wawili waliokuwa mlangoni wakageuka naye.

Hilo ndilo ninalotaka tulielewe. Tulimfundisha mtoto neno, tukampa ujasiri wa kuvuka uwanja mzima mpaka ofisini, halafu hapakuwa na mahali pa kulipokea. Bora angebaki na kichwa chake na panadol ya matroni kuliko kujifunza kwamba akisema anachekwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo haya huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Miaka 14 kwetu ni kidato cha kwanza na cha pili. Majirani zetu Kenya walifanya utafiti wa kitaifa kwa vijana, ripoti ikatoka 2022: 44.3% walipitia tatizo la afya ya akili ndani ya miezi 12, na 12.2% walifikia vigezo vya ugonjwa wenyewe. Chukua darasa la watoto 50 upige hesabu.

Wala siyo jambo jipya lililoletwa na simu. Mkoa wa Kagera una kisa kinachojulikana dunia nzima. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Ikasambaa. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa. Walimu hakuna aliyepata. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala maambukizi. Shule ikafunguliwa Mei, ikaanza upya, ikafungwa tena. Watu wa nje wanakisimulia kama kichekesho, "ugonjwa wa kucheka". Mimi nikikisoma naona mabinti wa miaka 12 hadi 18, mbali na kwao, chini ya nidhamu kali, nchi ina wiki chache tu tangu ipate uhuru na kila mtu anatarajia makubwa kutoka kwa msomi. Mwili ukasema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa. Na mpaka leo shule zetu za wasichana zinapata yale tunayoyaita mapepo: mmoja anaanguka, jioni wameanguka ishirini. Tunaita wachungaji na mashehe, na sina neno na dua, nami naomba. Lakini tukishamaliza kuomba tuulize pia mtihani wa moko ni lini, na nani hajalipiwa mchango.

Sasa, kipi kinafanya kazi? Nimesoma nilivyoweza, naomba mwenye kujua zaidi aongezee.

Kwanza tukubali kwamba kufundisha peke yake hakutoshi, na wakati mwingine kunaumiza. Australia walijaribu programu ya vipindi 8 kwa wanafunzi 1,071 wenye wastani wa miaka 13 na nusu, matokeo yakachapishwa 2023: waliofundishwa walitoka na huzuni na wasiwasi zaidi kidogo kuliko wenzao, na uhusiano na wazazi ukapungua. Waliofanya mazoezi nyumbani mara kwa mara ndio walioambulia nafuu. Uingereza walifundisha utulivu wa akili kwenye shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000, na mwaka 2022 wakaripoti kwamba haukuzidi kile ambacho shule zilikuwa zikifanya siku zote. Hizo ni nchi zenye pesa na wanasaikolojia.

Upande wa pili kuna utafiti wa nchi 10 za Ulaya, shule 168, vijana zaidi ya 11,000, ulioongozwa na Danuta Wasserman wa Sweden na kuchapishwa 2015. Walilinganisha njia tatu: kuwafundisha walimu kutambua dalili, kuwapima wanafunzi kwa dodoso na kuwapeleka kwa wataalamu, na kukaa na vijana wenyewe kwa saa 5 ndani ya wiki nne, sehemu kubwa ikiwa maigizo. Wanaigiza ugomvi na mzazi, kuachwa na mpenzi, rafiki anayesema amechoka kuishi. Baada ya miezi 12, waliojaribu kujitoa uhai katika kundi la maigizo walikuwa 0.70%, na katika kundi lisilopewa programu walikuwa 1.51%. Kuwafundisha walimu peke yake hakukuleta tofauti ya kuaminika. Mimi ni mwalimu na hilo liliniuma kulisoma, lakini nililiamini, kwa sababu nilikuwepo siku ile ofisini.

Na kuna ya kwetu kabisa, ambayo ndiyo imenipa moyo. Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri, na jina lenyewe mnaona ni Kiswahili, kustawi. Vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawasemi "tumekuja kutibu sonona". Wanazungumza mambo matatu: kwamba mtu hukua na kubadilika, kushukuru, na kutambua yale unayoyathamini ukayaishi. Wanaoongoza si madaktari, ni vijana waliotoka kumaliza sekondari. Jaribio lao lilichapishwa 2021: vijana 413 wa miaka 13 hadi 18 kutoka shule za Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za juu, nusu wakapewa Shamiri, nusu wakafundishwa mbinu za kusoma kwenye vikundi vya namna ile ile. Waliopata Shamiri walipungukiwa dalili za sonona na wasiwasi zaidi, na nafuu ilikuwa bado ipo miezi 7 baadaye.

Wakuu, fikirieni kalenda yetu. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano wanaingia Julai. Zaidi ya nusu mwaka kijana yuko nyumbani. Dada wa miaka 18 aliyelala kwenye kitanda kile kile cha bweni letu, aliyefua sketi kavu Jumapili ya wageni, ana la kumwambia binti wa kidato cha pili ambalo mimi sina.

Naweka hapa kwanza. Karibuni.

——

Jibu la 2, mdau wa Dodoma

Mwalimu nimekusoma. Ila mambo haya ni ya wazungu. Sisi tulichapwa, tulilala njaa, na tumekuwa watu. Watoto wa siku hizi ukiwaambia kuna ugonjwa unaitwa sonona, kesho darasa zima litakuwa nao. Huku Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, anayeumwa kweli tunamjua.

Jibu la 3, mzazi, Morogoro

Mwalimu, umenitoa machozi kwenye habari ya kufua. Nina binti kidato cha pili, bweni. Likizo iliyopita alikuwa halali usiku, na chakula anagusa tu. Nikimwuliza anasema "niko sawa mama". Naogopa nikiuliza sana kama anawaza vibaya nitamtia hayo mawazo kichwani. Nifanyeje?

Jibu la 4, mwalimu mwenzako, Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mwalimu wa ushauri nasaha pia ana vipindi vyake kamili vya darasani, hiyo kazi ni nyongeza. Niongezee jambo moja. Watoto wengi walikuwa wanaogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Siku ile niliwasomea wanafunzi wangu habari hiyo darasani. Kijana mmoja akabaki nyuma wengine walipotoka. Sitasema zaidi ya hapo, ni yake.

——

Jibu la 5, mleta uzi

Nimerudi, jana umeme ulikatika.

Mama wa Morogoro nianze na wewe, maana lako haliwezi kusubiri. Kumwuliza mtoto moja kwa moja kama anawaza kujidhuru hakumtii mawazo hayo. Hili limechunguzwa sana na jibu ni lile lile. Mara nyingi anapata nafuu kwamba kuna mtu ameweza kulitamka. Ila usimwulize mmekaa mnatazamana kama mahakamani. Mwite mchambue mchele, au mkiwa njiani mnatembea, macho yako yakiwa kwenye kitu kingine. Mwambie ulichokiona, kama ulivyotuambia sisi: "Naona hulali, na sahani unairudisha." Halafu nyamaza, hata ukimya ukiwa mrefu. Akikwambia ndiyo, usipige kelele, usimtajie adhabu za dini hapo hapo, usimwache peke yake, na mwende hospitali siku hiyo hiyo, hospitali ya wilaya au ya mkoa. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga. Hata akikujibu hapana, kukosa usingizi na hamu ya chakula likizo nzima kunatosha kumpeleka akaonwe. Na shuleni, mwulize kwanza yeye ni mtu mzima gani pale anayemwamini. Anaweza kukutajia mpishi. Basi kaongee na mpishi.

Ndugu wa Dodoma, sikukatai kwa dharau, nami nilichapwa. Lakini umetaja Mirembe, na hapo ndipo penye shida. Hospitali ile ipo tangu 1927, imehudumia maelfu ya ndugu zetu, na sisi jina lake tumelifanya tusi la kutupiana vijiweni. Mtoto anayekua akisikia "huyu apelekwe Mirembe" atasemaje kwamba usiku anasikia moyo unamwenda mbio? Unasema anayeumwa kweli tunamjua. Tunamjua akishavua nguo barabarani. Mwenye kaunta buku alikuwa na majina 14 miaka yote na hatukumjua hata mmoja.

Na kuhusu viboko, mwalimu hawezi asubuhi akashika fimbo na jioni akawa sikio. Kanuni zetu za adhabu zinasema mwisho viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe. Tunaofanya kazi mashuleni tunajua vinavyochapwa na vinavyoandikwa. Kuna watafiti waliowafundisha walimu wa sekondari hapa hapa Tanzania namna ya kuongea na mwanafunzi bila kumpiga wala kumtweza, wakachapisha 2018: ukatili ulipungua, na waliothibitisha ni wanafunzi wenyewe, siyo walimu peke yao. Kwangu mimi hiyo ni elimu ya afya ya akili kuliko bango lolote la ukutani. Mimi fimbo niliiacha tangu ile wiki tatu ya kuongea na wale mabinti. Sikuwa naweza kuwaangalia usoni.

Mwenzangu wa Kakamega, ahsante kwa kumtunzia yule kijana siri yake.

Wengine mmeniuliza PM tumefanya nini baada ya pale. Sikupewa bajeti, kwa hiyo ni mambo madogo. Nilimwomba mkuu wa shule chumba, tukapata stoo ya vifaa vya michezo, tukaihamisha mipira. Ina mlango unaofunga na dirisha linaloonekana kutoka nje, ili mwanafunzi asikike na mimi peke yangu lakini sote wawili tuonekane. Binti akitaka kuonana na mwanamke, anakaa na matroni. Tulikubaliana na walimu wenzangu, kikao kizima, kwamba tatizo la mwanafunzi halitajwi ofisini wala mstarini. Yule mwenzangu wa dirishani ndiye aliyeomba liandikwe kwenye muhtasari. Alikuja kuniambia baadaye kwamba mdogo wake aliwahi kulazwa, na kwao hawakulizungumza kamwe.

Mwaka jana kuanzia Februari tukawaita wasichana wanne waliomaliza kidato cha nne. Tulikaa nao siku kadhaa, muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya akaja mara mbili kwa nauli yake. Tuliwafundisha zaidi ya yote mambo ambayo hawatakiwi kuyabeba wao: mtoto akitaja kujidhuru, kubakwa au kupigwa nyumbani, wanamleta kwetu saa hiyo hiyo, na wanamwambia kabla kwamba watafanya hivyo. Alhamisi baada ya vipindi, mabinti 10 kwa 10, chini ya mwembe. Wanaigiza. Igizo la kwanza walilolitunga wenyewe lilikuwa Jumapili ya wageni. Mmoja akawa geti.

Sina takwimu za kuwawekea hapa, na binti mmoja mmoja wa aina hii hatoshi kuitwa utafiti. Wapo ambao bado wanaumwa kichwa. Mmoja tulimpeleka hospitali, anatumia dawa, anaendelea kusoma.

Jambo ambalo sikulipanga ni hili. Jumapili ya wageni ya mwezi wa tisa nilifika pale nyuma ya bweni, kamba zilikuwa tupu. Mama wa binti mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameambiwa na mwanawe, akaja na sufuria kubwa ya pilau, akatandika kanga tatu badala ya moja.

Na matroni amepiga mstari mwingine kwenye kaunta buku lake. Sasa safu ni sita. Ya mwisho ameiandika kwa kalamu nyekundu: *kaongea na nani*.

Mwenye swali aniulize hapa hapa. Wale wa shule za bweni mnaotaka kuanzisha vikundi vya Alhamisi, semeni mko wilaya gani tupeane utaratibu kabla kidato cha nne hawajaanza mitihani.